Noe Zhordania: Serikali ilianguka, kifungu kikabaki

Ni mazoea yetu kuwapima viongozi kwa urefu wa miaka waliyotawala au kwa ukubwa wa majeshi waliyoyaamuru. Kwa kipimo hicho, Noe Zhordania hastahili hata aya moja katika vitabu vya historia. Aliongoza serikali ya Georgia, nchi ndogo iliyo baina ya Urusi na Uturuki, kwa muda usiotimia miaka mitatu, kisha akafukuzwa na kufia ugenini. Hata hivyo, mwalimu wa historia ambaye Mgeorgia pekee anayemtaja darasani ni Stalin, huwa amewapa wanafunzi wake nusu ya kisa.

Zhordania alizaliwa mwaka 1868 katika mji wa Lanchkhuti, wilaya ya Guria, wakati Georgia ilipokuwa chini ya mfalme wa Urusi. Alisoma katika seminari ya Tbilisi, chuo kile kile ambacho baadaye kilimpokea Stalin. Humo masomo yalitolewa kwa Kirusi, na lugha ya wanafunzi ikadharauliwa. Chuki ilifikia hadi mwaka 1886 mwanafunzi aliyefukuzwa akamwua mkuu wa chuo. Hapana anayeweza kulisifu tendo hilo, lakini sisi tunaochunguza lugha hatuwezi kulipuuza. Chuo kilichokusudiwa kuwafanya vijana wa Georgia kuwa raia watiifu wa Urusi kiliwafanya wanamapinduzi.

Kutoka hapo Zhordania alikwenda Warsaw kusomea udaktari wa mifugo. Aliporudi alikuwa ameiva katika falsafa ya Marx. Yeye na wenzake waliieneza falsafa hiyo kwa Kigeorgia, hasa katika gazeti la Kvali, ambalo alikuja kuwa mhariri wake. Je, ni ajabu kwamba wakulima waliielewa? Kati ya miaka 1902 na 1906 wakulima wa Guria walizisusia mahakama za mfalme, wakaamua kesi zao wenyewe katika mikutano ya vijiji. Mwaka 1906 Zhordania alichaguliwa kuingia katika bunge la kwanza la Urusi.

Dola la Urusi lilipoporomoka, Georgia ilitangaza uhuru tarehe 26 Mei 1918, na Julai mwaka huo Zhordania akashika uongozi wa serikali. Katika uchaguzi wa Februari 1919 wanawake walipiga kura pamoja na wanaume. Chama chake cha Wademokrasia wa Kijamii kilipata viti 109 kati ya 130, na wanawake watano wakaingia bungeni. Mashamba makubwa ya mabwanyenye yaligawiwa wakulima. Hapa palikuwa na Wamarx waliokubali vyama vya upinzani na magazeti ya wapinzani, wakati ambapo wenzao wa Moscow walikuwa wakivifunga.

Haifai, hata hivyo, tumfanye malaika. Desemba 1918 serikali yake ilipigana na Armenia kwa sababu ya mipaka, na mwaka 1920 majeshi yake yaliuzima kwa ukatili uasi wa Waoseti. Tena, Mei 1920 serikali yake ilifanya mkataba ambao Urusi iliutambua uhuru wa Georgia, nayo kwa upande wake ikaruhusu Wabolsheviki kufanya siasa nchini. Haukupita hata mwaka mmoja kabla ya mkataba huo kuvunjwa kwa bunduki.

Februari 1921 Jeshi Jekundu liliivamia Georgia. Tarehe 21 mwezi huo, adui akiwa njiani, wabunge waliipitisha katiba. Siku nne baadaye Tbilisi ikatekwa. Mtu anaweza kuuliza: katiba ya nini nyumba ikiungua? Lakini tuitazame ilisema nini. Ilifuta adhabu ya kifo. Ilimpa mkuu wa serikali muhula wa mwaka mmoja tu, na ikamkataza kuchaguliwa zaidi ya mara mbili mfululizo. Kifungu cha tatu kiliifanya Kigeorgia kuwa lugha ya taifa, na sehemu nyingine ikayalinda makabila madogo yapate kusomeshwa kwa lugha zao. Waliopitisha katiba hiyo walikuwa wametawaliwa kwa lugha ya wengine, na walijua uchungu wake.

Zhordania aliondoka Batumi kwa meli mwezi Machi 1921, akaishia Ufaransa. Uasi uliotokea Georgia mwaka 1924 ulizimwa kwa damu nyingi. Aliendelea kuitetea nchi yake kwa kalamu hadi alipofariki Januari 1953, wiki chache tu kabla ya Stalin.

Basi alishindwa? Watawala wa Kisovieti wenyewe hawakuthubutu kukiondoa Kigeorgia katika katiba zao za Georgia. Walipojaribu mwaka 1978, wanafunzi wa Tbilisi walijaa barabarani tarehe 14 Aprili, na serikali ikarudi nyuma. Hadi leo tarehe hiyo ni siku ya lugha ya Kigeorgia. Nchi ilipojikomboa mwaka 1991 ilijinasibisha na tangazo la 1918, na 26 Mei imebaki sikukuu ya uhuru.

Vijana wale wa 1978 walizaliwa baada ya serikali ya Zhordania kuanguka, na shuleni walifundishwa kumwona msaliti. Walichokuwa nacho ni lugha iliyokuwa imeandikwa katika sheria, ikafundishwa madarasani na kutumiwa ofisini, kiasi kwamba kuinyang'anya hadhi yake kulionekana kama kumvua mtu nguo hadharani. Mwanafunzi anayedhani kwamba sera ya lugha ni mada ya kukariri kwa ajili ya mtihani, na aisome historia ya Georgia. Jeshi lilihitaji siku chache tu kuiteka Tbilisi. Kifungu cha tatu kiliwashinda kwa miaka 70.