Mshauri wa Kitaaluma katika Tiba ya Mwanafunzi

Mwanafunzi wa chuo kikuu afikapo zahanati akilalamika maumivu ya kichwa, kukosa usingizi na kiungulia, na kipimo cha malaria kisionyeshe vimelea, mara nyingi hupewa dawa za kutuliza maumivu na kuruhusiwa kwenda. Swali moja huachwa: masomo yanaendeleaje? Katika jiji la Dodoma, lenye Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, Chuo cha Mipango na kampasi ya Chuo cha Elimu ya Biashara, swali hilo ni sehemu ya historia ya mgonjwa sawa na lile la kwamba homa ilianza lini.

Jambo hili ni zito zaidi kwa anayeishi nje ya mabweni. Aliyepanga chumba Mkonze, kusini magharibi mwa jiji, yuko mbali na Chimwaga, upande wa mashariki, kilipo Chuo Kikuu cha Dodoma. Akiugua, hutibiwa karibu na anapoishi. Mwenye nyumba anajua kwamba mpangaji wake anaumwa, chuo hakijui. Anaporejea darasani wiki tatu baadaye, cheti cha matibabu kimo mfukoni na majaribio mawili yamekwisha kumpita.

Hasara hiyo inahesabika. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na mwaka wa masomo wa shahada ya kwanza kwa kawaida una krediti 120, yaani saa 1,200. Zikigawanywa katika mihula miwili ya wiki 15, ni saa 40 kwa wiki. Anayelala kitandani wiki tatu anadaiwa saa 120, ambazo ni moja ya tano ya muhula. Kuzilipa usiku, mwili ukiwa bado dhaifu, ndiko kunakozaa usingizi mbovu na moyo kwenda mbio, dalili zinazomrudisha zahanati.

Mtu wa kwanza wa kumwona ni mshauri wa kitaaluma: mhadhiri aliyekabidhiwa kundi la wanafunzi ili afuatilie maendeleo yao. Asiyemjua wake aulize katika ofisi ya mkuu wa idara. Mshauri huyu hawezi kubadili alama. Anachoweza ni kupitia matokeo pamoja na mwanafunzi, kumweleza kanuni za chuo chake, kuzungumza na mwalimu wa somo kuhusu jaribio lililokosekana, na kutoa maoni kwa idara iwapo masomo yaahirishwe. Wanafunzi wengi hawamwendei. Wamelelewa kumwamkia mwalimu kwa heshima na kupita haraka, na kugonga mlango wake bila kuitwa huonekana utovu wa adabu. Sivyo, saa hizo ni sehemu ya kazi ya mhadhiri. Mambo ya malazi, msiba au ugomvi wa nyumbani hupelekwa kwa Mlezi wa Wanafunzi, ambaye kwa kawaida ofisi yake ndiyo yenye washauri nasaha.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye mtihani wa mwisho wa muhula. Katika vyuo vingi nchini, mtihani huo hubeba alama 60 na kazi za muhula 40, na asiyeufanya bila ruhusa huhesabiwa kuwa ameutoroka. Adhabu yake yaweza kuwa kufutiwa masomo, jambo ambalo wanafunzi huliita kudisko. Aliyeomba kwa maandishi kabla ya mtihani, akaambatisha cheti cha daktari, huweza kupangiwa mtihani maalumu usiohesabiwa kuwa marudio. Anayeleta cheti baada ya matokeo kutoka hukutana na kamati yenye shaka, na shaka hiyo ina sababu, kwa kuwa vyeti vya kununua vipo.

Kwa hiyo mtoa huduma aandike cheti kinachosimama chenyewe: tarehe ya kumwona mgonjwa, siku anazohitaji kupumzika, jina, cheo, sahihi na mhuri. Kuandika tarehe ya nyuma ili kumsaidia ni kumharibia. Jina la ugonjwa halilazimiki katika kila barua. Mara nyingi yatosha kueleza kwamba hana uwezo wa kufanya mtihani kati ya tarehe fulani na fulani. Mgonjwa aombe nakala, na ndugu au mwenzake aipeleke chuoni siku hiyohiyo.

Huzuni inayodumu wiki mbili au zaidi, pamoja na kupoteza hamu ya mambo yaliyopendwa, ni dalili ya sonona na huhitaji kupimwa. Hapa Dodoma kuna kikwazo cha pekee: jina la Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, limegeuzwa kuwa neno la kejeli mitaani, hata mwanafunzi akielekezwa kwa mshauri nasaha huuliza kama amekuwa mwendawazimu. Apewe jibu tulivu, kwamba huduma hiyo ni ya kliniki kama ya shinikizo la damu. Anayetaja kujidhuru asiachwe peke yake wala asitumwe kwanza kwa mhadhiri. Apelekwe hospitali mara moja, iwe Mirembe, Benjamin Mkapa au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa.

Ikiamuliwa kuahirisha masomo kwa mwaka, mnufaika wa Bodi ya Mikopo amwone afisa mikopo wa chuo kabla ya kuondoka. Fedha ya kujikimu, yaani bumu, hufuata usajili. Asiyesajiliwa hailipwi kwake, na aliyeondoka kimya huweza kupata shida kuirejesha. Atunze barua ya chuo iliyokubali ombi lake. Siku ya kurudi ataihitaji, pamoja na cheti kipya cha daktari kinachothibitisha kwamba sasa ana uwezo wa kuendelea.