Kukata Bima na Kukatwa Bima

Makala haya yanakusudia kutenganisha maneno machache ya bima ya mkopo ambayo, yakichanganywa, humpotezea mwananchi haki yake.

Wilayani Ngara na Biharamulo, kama kwingineko nchini, walimu na watumishi wengi hukopa kwa dhamana ya mshahara. Wengine huweka nyumba rehani. Aghalabu mkopo huambatana na bima, ili mkopaji akifa au akipata ulemavu wa kudumu, deni lilipwe na kampuni ya bima. Tuchukue mfano wa mwalimu aliyekopa shilingi 5,000,000 akapokea 4,900,000, kisha akaambiwa kuwa 100,000 ni za bima. Atasema, "Nimekatwa bima." Mwandishi wa barua yake, akidhani anasanifu lugha, huandika, "Nilikata bima." Hapo maana imepinduka. Kukata bima ni tendo la hiari. Kukatwa ni kuondolewa fedha, hata bila kuulizwa. Na huenda shauri zima likasimama juu ya swali hilo moja: je, mkopaji aliridhia hali akijua? Basi na iandikwe: "Nilikatwa fedha za bima ambayo sikuelezwa masharti yake."

Jozi ya pili ni fidia na ada. Fidia hulipwa baada ya kutokea janga lililotajwa katika hati ya bima. Ada ya bima ni fedha zinazolipwa ili kupata kinga hiyo. Anayelalamika kwamba bima haikumfaa tangu mwanzo hadai fidia, bali ada yake. Akiandika "naomba fidia", atajibiwa kwamba hakuna kifo wala ulemavu uliotokea, na jalada litafungwa. Neno marejesho nalo halifai hapa, kwani katika mikopo limekwisha kushika maana ya fedha ambazo mkopaji humrudishia mkopeshaji. Yafaa kusema: kurudishiwa ada ya bima.

Uzito wa tofauti hii ulidhihirika Uingereza. Huko bima za kulinda malipo ziliuzwa pamoja na mikopo, ikiwamo ya nyumba, hata kwa watu waliojiajiri ambao masharti yaliwanyima manufaa yake. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ilizikataa hoja za mabenki. Muda wa kulalamika ulikoma tarehe 29 Agosti 2019, na fedha zilizolipwa zilizidi pauni bilioni 38. Mlalamikaji hakuhitaji kupatwa na janga. Ilitosha kuthibitika kwamba aliuziwa bima isivyostahili.

Kwetu, Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na ikaweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Lalamiko huanzia kwa aliyeuza bima, nalo yafaa liwe la maandishi. Mwalimu wa Rulenge au Nyakahura hatakuwapo barua yake itakaposomwa, wala hataweza kueleza alichokusudia. Atasemewa na maneno yaliyomo tu.

Kwa hiyo tunapendekeza:

Ada ya bima: fedha anazolipa mwenye bima.
Fidia: malipo ya kampuni baada ya janga.
Kurudishiwa ada: kulipwa tena fedha zilizotozwa kwa bima isiyostahili.
Bima iliyouzwa isivyostahili: bima aliyopewa mtu bila ridhaa, bila maelezo, au asiyeweza kunufaika nayo.