Spea ya nje na waranti ya pikipiki mpya

Maneno haya utayasikia Mbeya na Iringa kila anapokabidhiwa mtu Boxer au TVS mpya: ukifunga spea isiyo orijino, waranti imekufa. Wengi huyameza yalivyo. Kijana akishafunga bampa ya mtaani anaona amepoteza kila kitu, na gia zikianza kuchomoka miezi miwili baadaye, haendi hata kudai. Analipa mfukoni ubovu uliotoka kiwandani, na hilo linaniuma.

Waranti ni ahadi ya mtengenezaji kwamba ubovu wa kiwandani atautengeneza kwa gharama yake, ndani ya muda au kilomita zilizoandikwa. Kwa hiyo cha kuuliza ni kilichoharibika kimeharibiwa na nini. Bampa haichomoi gia. Kioo cha pembeni kilichonunuliwa Mwanjelwa hakiui pistoni.

Waya ni habari nyingine. Dereva anataka taa za LED, honi kubwa na redio. Fundi anakata waya wa kiwandani, anaunga moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi, anazungushia tepu. Pikipiki ya cc 125 inazalisha umeme kidogo, uliopimwa kwa vifaa vyake tu. Ikizidishiwa mzigo, betri haijai na koili ya chaji inaweza kuungua. Kampuni ikikataa dai hilo, ina haki.

Vivyo hivyo eya klina. Kiangazi, kwenye barabara za vumbi za Chunya, Kilolo au Mufindi, chujio la bei rahisi lisilokaa sawasawa kwenye kasha lake huacha upenyo. Vumbi linapita, linasaga silinda na ringi, pikipiki inaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. Fundi wa kampuni hutazama njia ya hewa inayotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini: akikuta utando wa vumbi, ushahidi anao.

Huku kwetu kuna jambo ambalo wa Dar es Salaam hawalijui sana. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita. Kabureta iliyosetiwa kwa ajili ya pwani humimina petroli kuliko hewa iliyopo. Plagi inakuwa nyeusi, pikipiki inachoka mlimani. Ndiyo maana mafundi hubadilisha jeti ya kabureta, inayopitisha petroli, na wengine hufunga sproketi kubwa ya nyuma. Sababu wanayo. Lakini jeti ikipunguzwa mno, kisha ukashuka na abiria hadi Kyela, kwenye mita kama 500, petroli haitoshi tena, injini inachemka na pistoni inaweza kukwama. Mwambie wakala aifanye kazi hiyo mwenyewe wakati wa sevisi ya kwanza, na aiandike kwenye kitabu.

Na sheria inasemaje? Marekani, sheria ya Magnuson-Moss ya 1975 inamkataza mtengenezaji kuifunga waranti kwa spea zenye jina lake, isipokuwa azitoe bure au apewe ruhusa maalumu. Mwaka 2022 tume yao ya biashara iliibana Harley-Davidson kwa jambo hilohilo. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), ambayo inamtaka muuzaji ampe mlaji bidhaa yenye ubora na inayofaa kwa matumizi yake. Ulinzi huo ni wa kisheria, mbali na karatasi ya waranti. Muuzaji akikwambia hana wajibu wowote kwa sababu ulibadilisha kioo, usikubali.

Dai lako ulifunge vizuri: risiti ya EFD ya pikipiki, risiti ya kila spea, sevisi zote zimegongwa mhuri, na spea ya zamani usiitupe. Wakala akikataa, mwombe aandike ni kifaa gani cha nje kilichosababisha ubovu, na kwa vipi. Kwa pikipiki za mkataba, risiti huwa kwa jina la bosi mwenye pikipiki na kitabu huwa kabatini kwake, wakati anayefunga honi na kubadilisha jeti ni dereva. Wawili hao wakubaliane mapema, kwa maandishi, nani anaruhusu nini kifungwe, na kitabu cha sevisi kisafiri na pikipiki.