Nakala Yenye Muhuri

Pembezoni mwa mashimo ya migodi ya Mashamba, upande wa Musonoi, katika mkoa wa Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, malori ya madini hupita usiku na mchana. Chukulia akina mama wa mtaa wa huko wameunda chama, wanataka kisima. Wengi katika hali hiyo hukimbilia kwa gavana wa mkoa, na hapo ndipo safari inapopotea. Kabla ya kujenga uhusiano na kiongozi, jueni kwanza ofisi ipi imeshika fedha za shida yenu.

Sheria ya Madini ya nchi, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inagawa mrabaha unaolipwa na kampuni za madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa mamlaka ya mahali mgodi ulipo, yaani mji, komini, sekta au utawala wa chifu. Zaidi ya hapo, kampuni ya madini inatenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya jamii, na jamii ina wajumbe katika chombo kinachosimamia fedha hizo. Kwa hiyo ombi la kisima lina milango miwili ya karibu: mamlaka ya mahali, na wajumbe wenu wenyewe katika chombo hicho. Barabara ndefu ya kuunganisha maeneo, huo ndio mzigo wa mkoa.

Mkishaujua mlango, pigeni hodi kwa utaratibu. Pitieni kwa mkuu wa mtaa na kwa chifu. Kiongozi wa juu atauliza kama wao wana habari. Chama kiwe na karatasi zake kwa mujibu wa sheria ya Julai 2001 ya vyama visivyotafuta faida. Barua iwe ya ukurasa mmoja, ombi moja, na hesabu yenu wenyewe: kaya ngapi, madumu mangapi kwa siku, hatua ngapi hadi bomba la karibu. Iandikwe Kifaransa, maelezo ya mdomo yatolewe kwa Kiswahili, na mama anayebeba maji ndiye aseme.

Pelekeni nakala mbili. Moja inabaki kwa karani. Ya pili inagongwa muhuri, inatiwa tarehe na namba, mnarudi nayo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ombi ni vivyo hivyo. Itangulieni bajeti: kikao cha Bunge la mkoa cha Septemba ndicho cha bajeti, basi barua inayohusu fedha za mkoa isingoje Oktoba.

Msipeleke bahasha, wala msivae fulana ya chama cha siasa. Bahasha hununua mtu mmoja kwa siku moja, na fulana huwafungia mlango siku upande mwingine ukiingia. Mwalikeni fundi wa serikali aje aone foleni ya maji kwa macho yake. Kazi ikifanyika, rudini kushukuru na kuonyesha hesabu. Ikikwama, lalamikeni kwanza ndani ya ofisi, kwa maandishi.

Viongozi hubadilishwa. Mpya akikaa kitini atawauliza, "Mlishaandika?" Chama chenye nakala ya muhuri hakianzi upya: kinaiweka mezani, na mazungumzo yanaendelea pale yalipoishia.