Sura ya Saba: Kinywa cha Mgonjwa wa Mashine

Agosti 1952 hospitali ya Blegdam, mjini Copenhagen, ilikuwa imezidiwa na wagonjwa wa polio, wengi wao watoto. Kati ya 31 wa kwanza waliowekwa kwenye mashine za kupumulia za wakati ule, 27 walikufa. Ndipo daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alipoombwa ushauri. Msichana wa miaka 12 aliyekuwa anakata roho alitobolewa shingoni, Ibsen akaingiza mrija wenye puto kwenye njia yake ya hewa, akaanza kumpulizia kwa kubonyeza mfuko wa mpira kwa mkono. Msichana akanusurika. Miezi iliyofuata wanafunzi wa udaktari waliingia zamu usiku na mchana wakibonyeza mifuko hiyo kando ya vitanda, na kutokana na kazi ile ikazaliwa wodi tunayoiita leo ICU, chumba cha wagonjwa mahututi.

Masimulizi mengi hukaa kwenye mfuko na mikono ya wanafunzi, lakini mimi nitakaa kwenye lile puto. Watoto wa Copenhagen hawakuwa wameshindwa kupumua tu. Wengi walishindwa kumeza pia, na mate yao yalikuwa yakiteremka mapafuni. Kazi ya puto ni kuziba nafasi kati ya mrija na ukuta wa njia ya hewa, ili pumzi ipite na mate yasipite. Miaka zaidi ya 70 baadaye kazi ni ile ile, na bado haifanyiki sawasawa.

Siku hizi mrija huingizwa mdomoni, unapita katikati ya nyuzi za sauti, na puto hujazwa hewa kwa shinikizo la sentimita 20 hadi 30 za maji. Likilegea, mate yanapita. Likikazwa kupita kiasi, linabana mishipa midogo ya damu na ukuta wa njia ya hewa unaanza kuoza. Hata likiwa sawa kabisa, plastiki yake hujikunja mikunjo myembamba, na mate yaliyotuama juu yake hupenya humo taratibu, tone kwa tone, saa baada ya saa. Mgonjwa hakohoi, kwa sababu amelazwa kwa dawa za usingizi. Nimonia ikimpata baada ya saa 48 au zaidi tangu awekewe mrija, madaktari huiita nimonia ya mashine, ingawa mashine yenyewe mara nyingi haina kosa. Vijidudu vimetoka kinywani mwa mgonjwa mwenyewe.

Na kinywa cha mgonjwa mahututi si kile alichokuwa nacho nyumbani. Wataalamu wameorodhesha aina zaidi ya 700 za bakteria wanaoishi vinywani mwa watu, na kwa mtu mzima wa afya wengi wao ni wapangaji watulivu. Mate huwasukuma, ulimi huwafagia, chakula hupita nao, na seli za kinywa zimepakwa protini iitwayo fibronektini inayowashika wale wapole na kuwanyima nafasi wengine. Mwaka 1969 madaktari wa Texas walionyesha kwamba kadiri mtu anavyozidi kuugua ndivyo koo lake linavyohamiwa na bakteria wa jamii nyingine, wale ambao mtu mwenye afya huwa nao kwa nadra sana. Maelezo yaliyokuja baadaye ni kwamba ugonjwa mkali huichuna ile fibronektini. Ongeza mdomo ulioachwa wazi na mrija, mate yaliyokauka kwa dawa, na antibiotiki zinazoua hata wasio na hatia, na ndani ya siku chache utando wa meno unakuwa makao ya Klebsiella, Pseudomonas, Acinetobacter na Staphylococcus aureus. Wauguzi wa ICU hawahitaji maabara kulijua hili, harufu huwatangulia.

Ufanye nini na kinywa kama hicho? Jibu la kwanza lilikuwa kuua.

Dawa iliyochaguliwa ni klorheksidini, iliyotengenezwa na kampuni ya Kiingereza ya ICI na kuingia sokoni miaka ya 1950. Molekuli yake ina chaji chanya, na ngozi ya bakteria ina chaji hasi. Vikikutana, dawa inang'ang'ania na kuitoboa. Uzuri wake mwingine ni kwamba hung'ang'ania pia meno na ufizi, ikaendelea kufanya kazi kwa saa nyingi baada ya kupakwa. Madaktari wa meno waliipenda tangu 1970, ilipoonyeshwa kuwa inazuia utando usijijenge hata kwa mtu asiyepiga mswaki. Ubaya wake waliujua mapema: hugeuza meno rangi ya kahawia na kuharibu ladha ya chakula. Kwa mgonjwa asiye na fahamu, nani angejali ladha?

Mwaka 1996 ukachapishwa utafiti ulioipandisha chati. Wagonjwa 353 waliokuwa wanapasuliwa moyo Marekani waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakasafishwa kinywa kwa klorheksidini ya asilimia 0.12, wengine kwa kioevu kisicho na dawa. Maambukizi ya njia ya hewa yalipungua kwa asilimia 69. Dawa ni ya bei nafuu na kuipaka ni kazi ya dakika moja. Mwaka 2010 taasisi ya Marekani inayosimamia maboresho ya huduma za afya, IHI, iliiingiza katika orodha yake ya mambo ya kufanyiwa kila mgonjwa wa mashine, na hospitali za nchi nyingi zikaifuata. Muuguzi alipaka, akatia tiki kwenye fomu, akaendelea na kitanda kinachofuata.

Ila wagonjwa wa upasuaji wa moyo ni watu wa pekee. Upasuaji wao umepangwa, dawa wanaanza kupewa kabla ya kulala mezani, na wengi hutolewa mrija ndani ya siku moja. Aliyegongwa na bodaboda akapasuka kichwa, au aliyeletwa na sumu ya damu usiku wa manane, hafanani nao kwa lolote. Mwaka 2014 Michael Klompas wa Boston na wenzake walizikusanya tafiti 16 zenye wagonjwa 3,630 na kuwatenganisha. Kwa wale wa moyo faida ilibaki. Kwa wengine, katika tafiti ambazo daktari hakujua nani kapewa nini, kupungua kwa nimonia hakukuthibitika, na hesabu ya vifo ilielekea upande usiotarajiwa: juu kidogo kwa waliopakwa dawa. Mwaka huo huo uchambuzi mwingine, uliochapishwa na jarida la BMJ, ulikuta vifo vimeongezeka. Mwaka 2018 hospitali ya chuo kikuu cha Ghent, Ubelgiji, ikapekua kumbukumbu za wagonjwa 82,274 na kukuta tena uhusiano kati ya dawa hiyo na vifo.

Hapa msomaji asikimbilie kuhukumu. Kumbukumbu za hospitali haziwezi kuthibitisha kwamba dawa ndiyo iliyoua. Huenda walioipata walikuwa hoi zaidi tangu mwanzo, kwa namna ambayo mafaili hayaonyeshi. Zipo dhana: kwamba tone la dawa linaloponyoka na kuingia mapafuni huyaunguza, au kwamba kuwaua bakteria wa ulimini wanaosaidia mwili kupata naitriki oksaidi kunavuruga mishipa ya damu. Ni dhana tu. Jibu zuri zaidi lilitoka Toronto mwaka 2021. ICU sita ziliacha klorheksidini moja baada ya nyingine, kwa zamu iliyopangwa kwa bahati nasibu, na mahali pake zikaweka utaratibu wa kupiga mswaki, kulowanisha kinywa na kufyonza mate. Kwa wagonjwa 3,260 vifo havikuongezeka wala kupungua, na maambukizi yalibaki pale pale. Wagonjwa waliumia kidogo zaidi wakati wa kusafishwa? Hapana, maumivu hayakuongezeka. Kwa maneno mengine, ile dawa iliyotiwa tiki kwa miaka kumi haikuwa inafanya kazi iliyodhaniwa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki dawa hii si ngeni. Ndiyo inayopakwa kitovu cha mtoto mchanga, na kisiwani Pemba ilijaribiwa kwa watoto 36,911, matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Tafiti za Asia ya Kusini zilikuwa zimeonyesha inaokoa watoto. Pemba tofauti ya vifo haikutosha kuthibitisha hivyo. Kiuavijidudu kinachofaa mahali pamoja hakibebi cheti cha kila mahali.

Waliochoshwa na kuua walipendekeza kinyume chake: kupanda. Wazo lina umri mrefu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ilya Mechnikov, wa taasisi ya Pasteur mjini Paris, alikuwa akiwahimiza watu wanywe maziwa yaliyochachuka ili bakteria wazuri wawafukuze wabaya tumboni. Leo bakteria hao wanaotolewa kama tiba tunawaita probiotiki. Hoja ya kinywani ni ya viti vya daladala: aliyewahi kukaa hampishi mwingine. Bakteria wa maziwa, wale Lactobacillus, hushika nafasi kwenye seli, hutoa asidi inayowakera wengine, na hawana ugomvi na mwenyeji. Zaidi ya yote, watetezi wao husema, kuwatumia hakuchochei usugu wa antibiotiki, jambo ambalo kila ICU inalihofia.

Wa kwanza kuwaweka mezani pamoja na klorheksidini walikuwa madaktari wa Lund, Sweden, mwaka 2008. Walikuwa na wagonjwa 50 tu. Nusu walipakwa klorheksidini, nusu walisafishwa kinywa kisha wakapakwa mililita kumi za kioevu chenye bakteria bilioni kumi wa Lactobacillus plantarum aina ya 299, kikaachwa humo. Bakteria wabaya walijitokeza kwa kiwango kisichotofautiana sana katika makundi yote mawili. Mwaka 2018 wakarudia kwa wagonjwa 150 katika hospitali kadhaa za Sweden, na tofauti haikuonekana tena. Wengine walisoma matokeo hayo kwa furaha: probiotiki si duni kuliko dawa. Lakini ukishajua kwamba yumkini dawa yenyewe haifanyi kitu, kutoka nayo sare si sifa kubwa.

Matumaini makubwa zaidi yalitoka Omaha, Nebraska, mwaka 2010. Wagonjwa 146 walipewa ama Lactobacillus rhamnosus GG ama poda tupu. Nusu ya dozi ilichanganywa na jeli laini ya hospitali ikapakwa kinywani, nusu ikapitishwa kwenye mrija wa tumboni. Nimonia iliyothibitishwa na maabara iliwapata asilimia 40 ya waliopewa poda tupu, na asilimia 19.1 tu ya waliopewa bakteria. Namba kama hizo humfanya mtu anunue hisa za kiwanda cha mtindi.

Kisha wakaja Wakanada na utafiti wenye ukubwa unaostahili: wagonjwa 2,650, ICU 44, katika Kanada, Marekani na Saudi Arabia, na bakteria yule yule, safari hii kupitia tumboni tu. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Nimonia: asilimia 21.9 kwa waliopewa bakteria, 21.3 kwa wasiopewa. Na kwa wagonjwa 15 wa kundi la probiotiki, dhidi ya mmoja wa kundi lingine, bakteria yule "rafiki" alikutwa mahali asipotakiwa kuwa, ikiwemo kwenye damu. Anayetetea probiotiki atasema kupaka kinywani ni jambo jingine na halijajaribiwa kwa ukubwa huo. Ni kweli. Lakini wagonjwa wa ICU wamejaa mirija ya mishipani na kinga zao ziko chini, na nchini Uholanzi mwaka 2008 mchanganyiko wa probiotiki kwa wagonjwa wa uvimbe mkali wa kongosho uliambatana na vifo asilimia 16, dhidi ya asilimia 6 kwa waliopewa kitu tupu. Kwa maoni yangu, mzigo wa ushahidi uko kwa anayetaka kupanda.

Mabishano haya ya kuua na kupanda yalipita juu ya kitu ambacho hakikuwa na kampuni ya kukitetea. Bakteria wa meno hawaelei kwenye mate. Wamejijengea utando mnato, na kwenye utando huo kiuavijidudu huishia juu juu, na bakteria mpya hapati pa kukaa. Hutoka kwa kusuguliwa. Uchambuzi wa majaribio 15 uliotoka mwishoni mwa 2023, Klompas akiwemo tena, ulikuta kwamba waliopigwa mswaki walipata nimonia ya hospitali kwa theluthi moja pungufu, na vifo vya ICU vilipungua pia. Faida ilionekana kwa wagonjwa wa mashine hasa. Mara mbili kwa siku zilitosha. Mara tatu au zaidi hazikuongeza kitu. Majaribio ya mswaki yana udhaifu wake, maana huwezi kumficha muuguzi kwamba ameshika mswaki. Hata hivyo mwongozo wa Marekani wa mwaka 2022 ulikuwa tayari umeshageuka: mswaki umekuwa jambo la msingi, klorheksidini imewekwa miongoni mwa yasiyopendekezwa.

Kazi yenyewe si ndogo. Kichwa cha kitanda huinuliwa nyuzi 30 hadi 45. Shinikizo la puto hupimwa kwanza, kwa sababu mate yakitikiswa puto likiwa legevu yatashuka yote. Muuguzi mmoja hushika mrija usisogee hata sentimita, mwingine hupitisha mswaki mdogo wa mtoto, wenye nywele laini, nyuma ya magego, kwenye ufizi, juu ya ulimi, huku bomba la kufyonza likiwa mdomoni muda wote. Mrija huhamishwa kutoka pembe moja ya mdomo hadi nyingine ili usichimbe kidonda, na midomo hupakwa mafuta. Ikifanywa vizuri inachukua dakika kadhaa za wauguzi wawili, na hapo ndipo penye gharama, maana mswaki wenyewe unauzwa kila duka la mtaani, ila wauguzi wawili kwa kitanda kimoja ni anasa katika wodi zetu nyingi.

Kwa hiyo, wewe mwenye mgonjwa ICU, usimtilie mdomoni mtindi, asali wala maji ya baraka. Hawezi kumeza, na utakachoweka kitaelekea mapafuni. Mletee mswaki mdogo laini, umkabidhi muuguzi, na kila ukienda kumwona muulize kama leo amepigwa mswaki.