Mgeni na Mapango ya Songwe

Rafiki akikutembelea Tunduma hakosi kuuliza, "Twende wapi?" Basi shikeni barabara ya Mbeya, mpite Vwawa na Mlowo, kisha mfuate njia ya vumbi hata mapango ya popo, karibu na mto Songwe. Mawe yale ya chokaa yalijengwa na chemchemi za maji ya moto, na zamani watu walichimba humo samadi ya popo.

Lakini heshima ya mgeni ni kumrudisha mzima. Mwaka 2008 mwanamke Mholanzi aliingia pango la popo katika msitu wa Maramagambo, Uganda; akarudi kwao, akashikwa na homa ya Marburg, akafa. Si kusema popo wa Songwe wanayo homa hiyo. Ila hata vumbi la kinyesi cha popo laweza kudhuru mapafu.

Kwa hiyo chukueni mwenyeji aijuaye njia, mtazame toka mlangoni tu. Msiwaguse popo wala msiwaue: wengi hula wadudu waharibuo mazao. Naweni mikono kwa sabuni kabla ya kula. Na mgeni akipata homa baadaye, amwambie daktari alikotembea.