Tundu la Moto la Bunduki ya Gumegume

Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, kuna msimu wa kuwinda kulungu unaofunguliwa baada ya Krismasi kwa wenye bunduki za gumegume. Msimu huo ulianza mwaka 1974. Wawindaji hutembea kwenye theluji na ukungu wakiwa na silaha ya aina ile ile iliyopita Unguja kwenda bara katika karne ya 19, na wengi hurudi wakilalamikia jiwe au baruti. Mara nyingi tatizo liko kwenye tundu la moto.

Jiwe linapogonga chuma, cheche huangukia kisahani chenye baruti laini. Baruti hiyo ikiwaka, joto lake hupenya tundu lililo ubavuni mwa mtutu na kuwasha baruti iliyoshindiliwa ndani. Tundu likiziba, au likiwa na umbo baya, kisahani huwaka bure na mnyama huondoka.

Tundu lililotobolewa moja kwa moja kwenye chuma cha mtutu lina kasoro mbili. Kwanza, gesi ya moto hulila na kulipanua. Ndiyo maana mafundi hodari wa London walilitia dhahabu, na baadaye platinamu. Mwanzoni mwa karne ya 19 mwanakemia William Hyde Wollaston aliwauzia mafundi wa bunduki platinamu kwa kazi hiyo. Pili, tundu hilo ni refu. Mtutu wenye unene wa milimita 24 na uwazi wa milimita 12.7 huacha ukuta unaozidi milimita 5. Chembe za baruti zikijaa humo huwaka moja baada ya nyingine kama utambi, na mpigaji huisikia ile "fss" kabla ya mlio. Katika muda huo mdogo mkono umekwisha kutikisika.

Dawa ya yote mawili ni bushi: kipande kidogo cha chuma chenye meno ya skrubu, kinachokazwa ubavuni mwa mtutu na kutobolewa katikati. Bushi nyingi za leo ni za chuma kisichoshika kutu. Ukinunua, tazama upande wa ndani kabla ya kuuliza bei. Inayofaa imechongwa kwa ndani mithili ya faneli, ili baruti kuu isogee karibu na kisahani na kubakiwa na njia fupi sana. Mimi siioni sababu ya kununua bushi yenye tundu lililonyooka mwanzo hadi mwisho, hata ikiwa rahisi.

Anza na tundu la milimita 1.6. Likiwasha kwa uvivu, fundi aliongeze kidogo kidogo, lakini lisivuke milimita 2. Tundu pana huwasha vizuri, ila hupoteza nguvu na kurusha gesi ya moto kwa aliyesimama kando. Kulipima ni rahisi: shina la biti ya drili ya milimita 2 likipita, bushi imekwisha, ibadilishwe.

Kuifunga ni kazi ya fundi. Isichomoze hata kidogo ndani ya mtutu, maana itanasa kitambaa cha kusafishia, na kizibo cha nyuma kisiifunike. Meno yake yapakwe grisi ya kuzuia kung'ang'ania.

Zipo pia bunduki mpya za kupakiwa mdomoni ambazo fataki yake hukaa nyuma, na bushi imo ndani ya kizibo chenyewe. Tundu lake ni dogo zaidi, karibu milimita 0.75, nalo hupanuka kwa matumizi. Lipimwe mara kwa mara. Baruti isiyo na moshi isitiwe kamwe kwenye bunduki ambayo mtengenezaji hakuiruhusu waziwazi, kwani mtutu unaweza kupasuka.

Sasa usafi, ambao ndio wenye kazi kubwa. Baruti nyeusi huacha masizi mengi yanayovuta unyevu na kula chuma. Kwa siku ya ukungu masizi hayo hulowa na kuziba tundu baada ya milio michache tu. Kabla ya kugusa chochote, tumbukiza mdeki uhakikishe mtutu ni mtupu. Kisha tumia maji ya uvuguvugu na sabuni. Mafuta ya kulainishia yatokanayo na petroli yakikutana na masizi hufanya lami ngumu, kwa hiyo yasubiri hadi mtutu ukauke. Pitisha waya wa shaba kwenye tundu bila kulazimisha. Msumari wa chuma hulikwaruza na kulipanua.

Usiifungue bushi kila unaposafisha. Kuifungua kwa mazoea huchosha meno ya mtutu, na hayo hayarudi kirahisi. Siku ya kuwinda, pangusa tundu kwa kitambaa kikavu kabla ya kupakia, kwa kuwa tone moja la mafuta lililobaki humo linatosha kuilowesha baruti.